Kuifunda Spika Mpya ya Gitaa

Ngoma mpya ikisha kuwambwa hupelekwa motoni ili ngozi yake ikaze na sauti ipande, wala hapana mpigaji anayeona haya kuisubiri. Spika mpya ya gitaa hutaka kinyume cha hayo, kwa kuwa hutoka kiwandani imekaza kuliko inavyopasa, na kazi ya kuilegeza ameachiwa mnunuzi. Ajabu ni kwamba mtu yule yule awezaye kuketi kitako kando ya moto wa makuti akiigeuza ngoma kwa subira, akipewa spika mpya huifunga magharibi, huipigia nyimbo mbili, huiona kali kama wembe, nyembamba ya kifua na yenye makelele sikioni, na kabla ya isha amekwisha kuihukumu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na hasa kwa mwenye amplifaya ya vali, yaani ile inayopata nguvu zake katika chupa za kioo zenye nyuzi za kuwaka ndani, maana chombo hicho kina masharti ambayo amplifaya za transista hazina, na asiyeyajua aweza kuangamiza mashine ya thamani kubwa katika kutengeneza kitu cha thamani ndogo.

Niliwahi kuwa mtu wa pupa wa namna hiyo. Spika yangu ya kwanza niliyoinunua ikiwa mpya, ya inchi 12, niliisikiliza siku mbili tu, nikaona inanipigia misumari masikioni, nikamwuzia mpiga gitaa mwenzangu kwa nusu ya bei niliyoitolea. Baada ya miezi minane nilimkuta harusini akiitumia, nikadhani amekwisha kununua nyingine, kwa jinsi sauti ilivyokuwa nene na pana. Nilipomwuliza alicheka, akanipeleka nyuma ya sanduku, na pale juu ya sumaku palikuwa na alama ya kalamu niliyoitia kwa mkono wangu mwenyewe. Insafu yanilazimisha kuongeza kwamba vidole vyake ni bora kuliko vyangu, na sehemu ya utamu ule ilikuwa mali yake, si ya spika. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa ni kazi ya miezi minane, nami niliiuza kwa nusu bei.

Ili ujue unachokilegeza, yakupasa kwanza uijue spika kwa ndani. Umbo lake halijabadilika sana tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, walipoutangaza mpango wao wa koili inayocheza mbele ya sumaku. Koili ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya bomba jepesi. Ikipokea umeme wa muziki kutoka katika amplifaya hugeuka sumaku ya muda, ikavutwa na kusukumwa na sumaku kubwa iliyo nyuma, na kwa kuwa imegundishwa na karatasi yenye umbo la pia, karatasi nayo huenda na kurudi, ikisukuma hewa iliyo mbele yake. Karatasi hiyo imeshikwa mahali pawili. Kwenye ukingo wa nje pindo lake lenye mikunjo limegundishwa juu ya fremu ya chuma. Na huku ndani, karibu na koili, kuna kitambaa cha duara chenye mikunjo mingi kama ya kikapu kilichobanwa, ambacho kimechovywa katika gundi ya kukausha ili kiwe na nguvu ya kuirudisha karatasi mahali pake kila inapotoka. Pindo na kitambaa hiki ndivyo vilivyo vigumu vikiwa vipya. Nyuzi za kitambaa zimeshikamana kwa gundi kuliko inavyohitajika, na zikichezeshwa mara maelfu kwa maelfu, ule mshikamano wa ziada huachia, mikunjo huzoea kukunjika pale pale ilipokunjika jana, na karatasi hupata nafasi ya kutembea.

Kila spika ina mtetemo wake wa asili, yaani ule unaoipendeza kuliko mingine yote, na katika spika nyingi za gitaa za inchi 12 mtetemo huo huwa karibu na mara 75 kwa sekunde, pengine zaidi, ilhali uzi mnene wa gitaa, ile E ya chini, hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Kwa hiyo tabia ya asili ya spika na noti ya chini kabisa ya gitaa ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na spika inapolegea mtetemo wake wa asili hushuka kidogo, jambo ambalo kwa vipimo ni dogo lakini kwa mkono unaopiga ni dhahiri: nyuzi za chini huacha kubishana nawe, na ule ukali wa juu, ambao katika siku za kwanza hutangulia mbele ya kila noti kama mpambe asiyealikwa, hurudi nyuma. Sehemu kubwa ya badiliko hili hutokea mapema, katika dakika na saa za kwanza za kazi, na iliyobaki huja polepole kwa wiki na miezi. Kwa nini basi watu wengine huzungumza juu ya miaka? Nitalijibu hilo nitakapofika kwenye habari ya masikio.

Kabla ya kulegeza chochote hakikisha umenunua kilicho halali kwa mashine yako. Tuchukue mfano ulio hai: amplifaya ya Fender iitwayo Blues Junior, ya wati 15, yenye vali mbili za EL84 za kutoa nguvu na spika moja ya inchi 12 ya omu 8, na mwenyewe anataka kuitia Celestion G12M, ile ambayo wapigaji huiita Greenback kwa sababu ya kifuniko chake cha kijani mgongoni, ya wati 25. Sharti la kwanza ni omu. Amplifaya ya vali hutoa nguvu zake kwa njia ya transfoma iliyopimwa kwa mzigo maalumu, na spika ndiyo mzigo wenyewe; iliyoandikwa 8 itiwe 8, na iliyoandikwa 16 itiwe 16. Spika hii ya Celestion huuzwa kwa omu 8 na kwa omu 16 pia, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, basi soma lebo kabla ya kulipa. Ukiipima kwa mita usishtuke kuona spika ya omu 8 inasoma 6 na kitu, au 7, kwa sababu mita hupima waya uliotulia na si spika inayofanya kazi. Lakini ukiona 3 au 12, umeuziwa kitu kingine.

Sharti la pili ni wati, na hapa wengi hudanganywa na hesabu. Amplifaya ya wati 15 huhesabiwa hivyo ikiwa sauti yake bado ni safi. Ukiisukuma mpaka sauti ipasuke, kama wapendavyo wapigaji wa rock, hutoa nguvu zaidi ya zile zilizoandikwa, na joto lote huishia katika ule waya mwembamba wa koili. Kwa hiyo dasturi ya busara ni kutafuta spika yenye uwezo wa karibu mara mbili ya amplifaya. Hiyo ya wati 25 yatosha kwa mwenye adabu. Celestion Blue, ambayo ni ya wati 15 tu, na ambayo ilikaa mbili mbili katika Vox AC30 ili zigawane wati 30, ni spika ya kifalme, lakini ukiitia moja pekee yake katika amplifaya ya wati 15 unaishi ukingoni mwa shimo, na wakati wa kuifunda ndio wakati mbaya kabisa wa kuishi hapo.

Sasa habari ya hatari, ambayo sitaifupisha. Ndani ya amplifaya ya vali kuna umeme wa volti 300 na zaidi, na kapasita zake huweza kuushika umeme huo hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa, zikaungoja mkono wa mtu. Kubadili spika hakukulazimishi kufungua sehemu hiyo; unaondoa ubao wa mgongo tu, nayo spika hii hapa. Basi usivuke mpaka huo; ukiona lazima kugusa kitu kilicho ndani ya kasha la chuma lenye vali, funga ubao, mwite fundi. Chomoa plagi ukutani, ngoja vali zipoe, kwa maana zikiwa moto huunguza vidole kama glasi ya taa ya chemli, kisha uanze. Jambo lingine ni kwamba amplifaya ya vali haiwashwi kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma iliyokosa mzigo huzua umeme mkali ndani yake usio na pa kwenda, ukaruka kutoka waya hadi waya au katika soketi za vali, na ile harufu utakayoisikia ni harufu ya pesa zako. Na kwa sisi tunaoishi ambako ukutani kuna volti 230 au 240, lipo la tatu: mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huenda ikawa ni ya volti 120, nayo haichomekwi ila kwa transfoma ya kupunguza umeme, hata kama plagi imekubali kuingia.

Kabla ya kuifunga, ikague spika ukiwa umeilaza mezani, uso juu. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za karatasi, karibu na kikofia cha katikati, uibonyeze taratibu sana, sawasawa kila upande, umbali usiozidi unene wa sarafu mbili, na utege sikio. Ikipanda na kushuka kimya, ni salama. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga chini ya mlango, koili inagusa chuma, na hilo si ugumu wa upya bali ni kasoro, ambayo haifundiki, na spika yapasa kurudishwa dukani siku ile ile. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5 na nyaya mbili, uguse ncha za spika kwa nukta moja tu: chanya ya betri kwenye ncha yenye alama nyekundu au ya kujumlisha, na karatasi itaruka mbele. Ikirudi nyuma basi alama zimegeuka, kama ilivyokuwa desturi ya spika za kale za JBL. Kwa spika iliyo peke yake si neno kubwa, lakini zikiwa mbili katika sanduku moja nazo zikavutana, moja ikienda huku na nyingine kule, besi zitauana na utalaumu upya wa spika bure.

Katika kufunga, adui ni bisibisi. Sumaku huivuta, mkono huteleza, na karatasi ambayo unene wake ni kama wa bahasha hutobolewa kabla haijaimba noti moja. Nimeona jambo hili likimpata mtu mwenye umri na ujuzi, akakaa chini bila ya kusema neno kwa muda mrefu. Kata kipande cha boksi gumu, ukishike mbele ya madirisha ya fremu wakati wote unapokaza. Nati zikazwe kwa kupokezana, hii na ile inayoielekea upande wa pili, kidogo kidogo, hadi fremu ikae; usizikaze kwa hasira, kwa sababu ubao wa mbele wa sanduku aghalabu haujanyooka sawasawa, na nati iliyokazwa kupita kiasi hupinda fremu, fremu ikapinda njia ya koili, na ule mkwaruzo uliokuwa haupo mezani ukazaliwa sandukuni. Vibanio vya waya vishike vizuri katika ncha za spika. Vikilegea, vibane kwa koleo kabla ya kuvirudisha. Na kama waya zimelehemiwa, lehemu upesi na uondoe moto, maana ncha ile imefungwa karibu na karatasi. Wenye kukaa karibu na bahari watazame pia kutu, ambayo huanzia hapo kwenye ncha, na wasiliweke sanduku dirishani pa upepo wa chumvi, kwa kuwa karatasi hunywa unyevu.

Sasa washa. Ziache vali zipate joto dakika moja au mbili, na kabla hujacheza chochote cha kuifunda, irekodi. Weka simu mahali utakapoweza kuirudisha tena baadaye, chora alama ya chaki sakafuni, piga kipande kifupi unachokijua kwa moyo, chenye nyuzi za chini na za juu, na uandike jinsi vitufe vilivyokaa. Utaona faida yake.

Kufunda kwenyewe ni kupiga gitaa, na kwa rai yangu hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Nusu saa ya kwanza iwe kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, spika ipate kujua joto lake. Baadaye pandisha hadi kiasi ambacho mwenzako chumbani hana budi kuinua sauti ili umsikie, ukae hapo, saa moja au mbili kwa siku, kwa jumla ya saa 10 mpaka 20. Tumia pikapu ya shingoni, kitufe cha besi ukikiongeza kidogo kupita nusu, na sauti iwe safi. Jambo la usafi nalikazia kwa sababu linakwenda kinyume cha tamaa: kijana akinunua spika mpya hutaka kuisikia ikinguruma na kupasuka, lakini sauti iliyopasuka hujaza koili joto jingi kuliko mwendo, ilhali kinacholegeza kitambaa ni mwendo, na mwendo huletwa na noti nene zilizo safi. Piga akodi pana za E na A zenye nyuzi wazi, uziache zilie mpaka zife zenyewe. Piga mapigo ya rithimu ya dansi, yale ya kukata na kuachia, dakika ishirini bila kuchoka. Tembeza dole gumba juu ya nyuzi tatu za chini, ukipanda na kushuka. Aliyepata kushika gitaa la rithimu katika bendi atakuwa ameifunda spika yake katika wiki mbili za mazoezi bila hata kujua kuwa anaifunda, na mara nyingi nimeshuku kwamba ndiyo sababu wapiga rithimu hulalamika kidogo kuliko wapiga solo.

Itazame karatasi mara moja moja. Mwendo wa spika ya gitaa ni mdogo, karibu hauonekani. Ukiiona inarukaruka waziwazi, punguza. Kwa sababu hiyo usiichomekee gitaa la besi, ambalo uzi wake wa chini hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, chini mno ya pale spika hii iliposomeshwa, hasa katika sanduku lililo wazi nyuma, ambamo hapana hewa iliyofungwa ya kuizuia karatasi isipitilize na koili ikagonga chuma cha nyuma. Harufu ya kuungua, hata ikiwa ni ndogo, ni amri ya kuzima.

Wapo wanaotafuta njia za mkato, nami sitajifanya kuwa hawapo. Mmoja hurekodi kipande cha rithimu katika kile chombo cha miguuni kinachorudiarudia mapigo, akakiacha kilie peke yake huku yeye akienda sokoni. Njia si mbaya, ila amplifaya ya vali haiachwi peke yake nyumbani: ni chombo cha moto, na umeme wetu una tabia ya kuondoka na kurudi kwa kishindo. Mwenye haja hiyo na aitie spika katika sanduku la pembeni, aiendeshe kwa amplifaya ya transista isiyo na gharama, kwa waya wa spika uliotimia unene, si kwa waya wa gitaa ambao ni mwembamba na haukuumbwa kwa kazi ya kubeba nguvu. Mwingine, mwenye spika mbili mpya na majirani wa ukuta mmoja, huzielekeza uso kwa uso, karibu karibu, akageuza waya za moja ili ijongee wakati nyingine inaporudi nyuma. Mawimbi yao huuana kwa kiasi kikubwa, spika zikafanya kazi ngumu na mtaa ukalala. Hila hii naipenda. Nisiyoipenda ni ile ya kufunika amplifaya nzima kwa mablanketi, kwa sababu vali zisizopata hewa hupika kila kilicho karibu nazo.

Na iko hila ya mafundi, ya kuchukua transfoma ndogo ya kutoa volti 6.3, ile iwashayo nyuzi za vali, na kuipeleka moja kwa moja kwenye spika ya omu 8. Hesabu yake ni karibu wati 5, mtetemo wake ni ule wa umeme wa ukutani, 50 kwa sekunde kwetu, ambao ni mzito wa kutosha kuitikisa karatasi bila ya kuichosha koili. Spika huvuma usiku kucha kama nzi wa chuma na asubuhi imelegea. Anayeijua kazi ya umeme haina ajabu kwake. Lakini upande wa pili wa transfoma hiyo ndiko kuliko volti 230, na mpiga gitaa asiyezoea kulehemu hana sababu ya kuhatarisha maisha yake ili aokoe saa kumi za kupiga gitaa, jambo ambalo alisema analipenda.

Nimeahidi habari ya masikio. Baada ya saa 20 utasikia badiliko kubwa, na sehemu yake si ya spika. Sikio lenyewe huzoea: ukali uliokuchoma Jumatatu, Ijumaa umekuwa desturi. Tena nyuzi za gitaa huchakaa. Seti mpya hung'aa kwa saa chache kisha hufifia kwa jasho na kutu, na mtu aliyetia spika mpya na nyuzi mpya kwa siku moja, kama wafanyavyo wengi kwa furaha ya kununua, husikia nyuzi zikizeeka na kuipa spika sifa zote. Ndiyo maana ya rekodi. Rudisha simu kwenye alama ya chaki baada ya saa 5, na tena baada ya 20, vitufe vikiwa palepale, na nyuzi za hali ile ile, zote mpya au zote zilizotumika kwa muda sawa. Usikilize rekodi hizo kwa mfululizo na usijidanganye. Utasikia badiliko la kweli, hasa chini. Litakuwa dogo kuliko ulivyodhani, na hilo ndilo la spika. Wale wanaozungumza juu ya miaka kumi wanasema kweli kwa upande mmoja, kwa kuwa karatasi na pindo huendelea kulainika kadiri zinavyotumika, lakini ndani ya miaka hiyo kumi wamebadili gitaa, mkono, na masikio pia.

Jaribu pia kuondoka mahali unaposimama. Sauti nyembamba hutoka katikati ya spika kwa mstari, kama mwanga wa tochi, ilhali nene hutapakaa. Amplifaya iliyo sakafuni hukupiga magotini kwa besi na humpiga aliyeketi mbele yako kwa wembe. Nimewahi kumfundia mtu spika yake kwa kuiinamisha nyuma juu ya tofali moja ili imwelekee usoni: alishtuka kwa ukali aliousikia, akapunguza kitufe cha sauti nyembamba, na malalamiko ya wenzake wa bendi, ambayo hakuwahi kuyaelewa, yakakoma.

Hata hivyo, kufunda hakuigeuzi spika kuwa spika nyingine. Vintage 30 ya Celestion ina sauti ya katikati inayojitokeza mbele, na itakuwa nayo katika saa ya kwanza na katika saa ya elfu. Haitakuwa Greenback kwa kubembelezwa. Ikiwa baada ya saa 20 za kweli bado unaichukia, una haki ya kuiuza, na wakati huo utaiuza bila ya majuto kama yangu. Wapiga solo wa dansi na wa taarabu nina neno lao la pekee. Tangu miaka ya 1960, Black Star ya Tanga ilipoyaingiza magitaa ya umeme katika taarabu, na bendi za dansi zikishindana kwa solo safi zenye kumeremeta, masikio ya kwetu yamependa mng'ao wa juu ambao mpiga blues wa Chicago angeuita ukali. Mpigaji wa namna hii aweza kuipenda spika mpya kwa sababu ile ile inayomfanya mwingine aichukie, na hasara yake huja baadaye, mng'ao unapopungua. Yeye basi anunue spika inayong'aa kupita haja yake kwa kiasi kidogo, aiache ishuke mpaka pale anapopataka. Akinunua iliyo kamili siku ya kwanza, atakuwa akiongeza kitufe cha sauti nyembamba kila mwezi.

Saa 20 zikitimia, chomoa umeme, ngoja vali zipoe, fungua tena mgongo wa sanduku. Utakuta nati zimelegea, kwa sababu mbao imebonyea na mtikisiko umefanya kazi yake. Zikaze robo mzunguko, kwa kupokezana kama mwanzo, na kipande cha boksi kikiwa mkononi. Spika ya zamani itie katika katoni iliyoletea mpya, uso wake ukitazama ubao uliokatwa kwa kipimo, uandike nje omu zake na wati zake, uiweke juu ya kabati ambako vidole vya watoto, ambavyo hapana kitu duniani vinavyokipenda kuliko kubonyeza kile kikofia cha katikati, havifiki.